Mishipa ya tumbo imevimba sababu ya ini, hiyo ya puto ni kweli?

SWALI: Dokta shikamoo. Mjomba wangu ana homa ya ini B ya siku nyingi, ini limeshasinyaa, majuzi katapika damu nyingi tukakimbizana naye usiku, akaongezewa damu, wakapitisha kamera wakasema mishipa imevimba kwenye tumbo la chakula, sio ile ya umio. Ndugu yetu aliyeko India anasema wanapitisha mpira mwembamba wenye puto kwenye mshipa bila kupasua. Ni kweli au tunaliwa hela? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba, poleni sana. Ni kweli ipo, inaitwa BRTO (kifupi cha Kiingereza, yaani kuikausha mishipa kwa kuiziba na puto), Wajapani ndio walioifanya ishike kasi miaka ya 1990. Iko hivi, ini likishakakamaa damu inayotoka kwenye utumbo na bandama inakosa pa kupita, presha inapanda, basi inatafuta njia za panya, na kwa wagonjwa wengi wa mishipa ya tumbo hiyo njia inaenda kumwaga kwenye mshipa wa figo ya kushoto. Daktari anaingilia hukohuko kwa nyuma, anapiga ganzi kwenye kinena au shingoni, anapitisha katheta, ndio huo mpira mwembamba, huku anaangalia kwenye skrini ya eksirei, akifika anajaza kaputo kuziba pa kutokea halafu anasukuma dawa ya kuikausha mishipa, na puto linaweza kubaki humo masaa kadhaa. Wengine siku hizi wanaacha kizibo cha kudumu.

Uzuri wake damu iliyokuwa inalikwepa ini inarudi kupita humo, kwahiyo mgonjwa aliyekuwa anachanganyikiwa kwa ajili ya ini anaweza kupata nafuu. Ila presha yenyewe haishuki, tena inapanda, mishipa ya umio inaweza kuvimba zaidi na maji tumboni yakaongezeka, ndio maana kamera lazima irudiwe. Hilo mawakala wa safari za matibabu huwa hawalisemi!

Kabla hamjauza kiwanja ombeni CT scan ya tumbo yenye dawa ya kuonyesha mishipa, maana kama hiyo njia ya kwenda figo haipo, BRTO ya kawaida haifanyiki. Ulizeni pia kuhusu gundi inayochomwa kwa kamera, inazuia damu vizuri tu. Na Muhimbili wapo wataalamu wa intervensho redioloji (wanaotibu kwa kupitisha mipira kwenye mishipa huku wanaangalia picha), mimi ningeomba rufaa huko kwanza ndio nifikirie tiketi. Kama anatumia tenofovir, dawa ya virusi vya homa ya ini B, asiache, na nyie wa nyumbani pimeni homa ya ini B, ambao hamna mchanje. Akitapika damu tena au choo kikiwa cheusi kama lami, hospitali saa hiyohiyo.