Ua la Drosera Halikungoji Jioni

Anayeanza kuotesha mimea ilayo wadudu ndani ya nyumba huvutiwa na mitego, hata ua likamkuta hajajiandaa. Ningemshauri aanze na Drosera capensis, mmea wa Rasi ya Afrika Kusini, kwa sababu ukikaa dirishani penye mwanga mwingi, chungu chake kikiwa kwenye kisahani cha maji ya mvua, hutoa maua bila kubembelezwa.

Bua la maua huchomoza kati ya majani likiwa limejikunja kama mkia wa kinyonga, na mgeni hulidhania jani jipya. Litazame kwa karibu: halina vile vinywele virefu vyekundu vyenye ulimbo ambavyo majani hunasia wadudu, na vitumba vyake vimejipanga upande mmoja.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikikagua jioni baada ya kazi, na kwa karibu wiki tatu daftari langu liliandikwa neno moja tu, "bado", ilhali vitumba vya chini vilizidi kuvimba. Kumbe maua yalikuwa yakija na kuondoka. Kila ua la mmea huu hufunguka asubuhi kukiwa na mwanga mkali, hufunga mchana au alasiri ya siku hiyohiyo, na halifunguki tena. Petali zinapojikunja, vichwa vya stameni (sehemu za kiume zenye chavua) hugusana na stigma (ncha ya kike inayopokea chavua), na ua likajichavusha lenyewe. Nilichokuwa nikikiita kitumba kilichochelewa kilikuwa tunda changa.

Kwa hiyo kagua saa tatu asubuhi, kisha saa sita, kisha saa tisa, na uandike pia hali ya anga, kwa maana siku ya mawingu ua linaweza lisifunguke kabisa. Funga uzi mwembamba chini ya kitumba cha kwanza, uhesabu kutoka hapo kwenda juu, kwa kuwa maua hufuatana hivyo, mara nyingi moja kwa siku, na lililo zamu huwa pale bua lilipopinda. Usikigeuzegeuze chungu, bua huufuata mwanga, na utajivurugia kumbukumbu.

Usidhani mimea yote ina tabia hiyo. Dionaea muscipula ya Carolina, Marekani, ambayo majani yake hufumba kunasa wadudu, huchanua majira ya kuchipua baada ya kupumzika msimu wa baridi, na katika ua lake chavua hukomaa kabla ya stigma, hivyo utahitaji brashi ndogo kuihamisha kutoka ua changa hadi lililotangulia. Mmea ukiwa dhaifu, mimi hulikata bua mapema. Nepenthes, yenye mitego kama mitungi, ina mimea dume na mimea jike, kwa hiyo mmoja peke yake hautakupa mbegu.

Matunda ya Drosera yakikauka na kuwa kahawia, yafunike kwa kifuko cha karatasi. Mbegu zake ni nyeusi, laini kama vumbi, na hadi leo nang'oa miche yake katika vyungu vilivyo karibu ambamo sikupanda kitu.