Babu yangu alishangilia bomu la Hiroshima. Mimi nimekwama Nagasaki

Mleta mada ameuliza: je, kuna siku bomu la nyuklia linaweza kutumika vitani kihalali, na Marekani ilikuwa sahihi mwaka 1945? Nimesoma majibu yote. Nusu mnasema vita isingeisha bila bomu, nusu mnasema Wazungu ni wauaji, na hapo mjadala umegota. Mimi nimefundisha historia sekondari miaka 19, na kabla ya hapo nilikuwa mjukuu wa askari, kwa hiyo mnivumilie, ni ndefu kidogo.

Babu mzaa baba alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki. Mwaka 1944 alipelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Waliteremka Bonde la Kabaw mvua za kule zikiwa zimekolea: tope hadi magotini, malaria, na Mjapani ambaye, kwa maneno ya Babu, "haonekani mpaka amekwisha kukupiga". Desemba wakaingia Kalewa, kando ya Mto Chindwin. Baadaye wakarudishwa India kupumzika, na kila mmoja alijua ni pumziko la kungoja safari nyingine. Agosti 1945 wakapangwa paredi, ofisa akawaambia Wamarekani wamefuta mji mzima kwa bomu moja. Babu alisema walipiga makofi, jioni wakapiga ngoma.

Nikiwa darasa la sita nilimuuliza kama hakuwaonea huruma wale watu. Hakukasirika. Akaniuliza, "Ningekufa mimi, wewe ungezaliwa na nani?"

Sijawahi kupata jibu la swali hilo, na ninyi mnaosema kila aliyeunga mkono bomu ni shetani hamna pia. Angalieni hesabu waliyokuwa nayo Wamarekani mezani. Okinawa peke yake, Aprili hadi Juni 1945, iliua Wamarekani zaidi ya 12,000 na raia wa kisiwa hicho wanaokadiriwa kufika 100,000. Kuvamia Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Japani, kulipangwa kuanze tarehe 1 Novemba. Na huku China na kwingineko Asia watu waliendelea kufa kila siku chini ya jeshi la Japani, jambo ambalo hakuna aliyeligusa humu. Tena, anayesema Hiroshima ndipo raia walipoanza kulengwa hajasoma habari za Tokyo: usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi, mabomu ya kawaida ya moto yaliua watu takriban 100,000. Mstari ulikuwa umevukwa zamani.

Basi miaka yangu ya mwanzo kazini nilifundisha hivyohivyo. Sentensi moja ubaoni, "Marekani ilipiga mabomu mawili, Japani ikasalimu amri", wanafunzi wananakili, kipindi kinaisha.

Mwaka 2014 nilipata mafunzo ya wiki chache Japani, na siku moja tukapelekwa Hiroshima. Nilidhani nitatikiswa na picha za majengo. Kilichonishika ni kisanduku cha chakula cha mwanafunzi, bati limekunjamana, chakula ndani kimekuwa mkaa. Asubuhi ile ya tarehe 6 Agosti watoto wa shule walikuwa wametolewa madarasani kwenda kusafisha viwanja vya kuzuia moto usisambae endapo mji utapigwa mabomu. Wako nje, juani, saa 2:15 asubuhi. Bomu lilipasuka mita zipatazo 600 juu ya mji. Watoto waliokufa katika kazi hiyo wanakadiriwa kufika 6,000. Hadi mwisho wa mwaka waliokufa Hiroshima walikuwa kama 140,000. Rais Truman wa Marekani alipohutubia redioni alisema bomu limeangushwa Hiroshima, kituo cha kijeshi. Ni kweli makao makuu ya jeshi lililolinda kusini mwa Japani yalikuwepo. Lakini shabaha ya rubani ilikuwa Daraja la Aioi, katikati ya mji.

Mzee aliyekuwa akitutembeza aliuliza natoka wapi. Nikamwambia, na sijui kwa nini nikaongeza kwamba babu yangu alipigana nao Burma. Akakaa kimya, kisha kupitia mkalimani akasema mjomba wake hakurudi kutoka huko. Tukaendelea kutembea.

Sasa nije kwenye hoja. Kosa la mjadala huu ni kudhani kulikuwa na njia mbili tu, bomu au uvamizi. Mezani kulikuwa na zaidi. Waziri wa Vita, Stimson, alitaka Wajapani wahakikishiwe kwamba Mfalme wao atabaki. Maneno hayo yakaondolewa kwenye Tamko la Potsdam la tarehe 26 Julai, lile lililoitaka Japani isalimu amri. Kulikuwa na kuwasubiri Warusi, waliokwisha kuahidi kuingia vitani. Wanasayansi wa mradi wa kutengeneza bomu waliomzunguka mwenzao James Franck walipendekeza bomu lionyeshwe kwanza mahali pasipo watu. Kila njia ilikuwa na kasoro zake, sikatai. Nikiwekwa kwenye kiti cha Truman tarehe 5 Agosti, nina vifo vya Okinawa mkononi, sijui ningefanya nini. Kwa Hiroshima naweza kubishana hadi alfajiri na nikashindwa.

Nagasaki ndipo ninapokwama, na hapo sitikisiki.

Wengi mnadhani Truman alikaa tena, akapima, akaamua. Hapana. Amri iliyotolewa tarehe 25 Julai ilisema mabomu mengine yaangushwe kadiri yanavyokuwa tayari. Basi. La pili lilipangwa tarehe 11 Agosti. Utabiri wa hali ya hewa ukaonyesha mawingu mabaya, wakalirudisha nyuma hadi tarehe 9. Siku tatu tu. Tokyo walikuwa bado wanathibitisha ni kitu gani kimewapata Hiroshima. Usiku wa kuamkia siku hiyohiyo Warusi walikuwa wamevamia Manchuria, eneo la China lililokuwa mikononi mwa Japani. Na shabaha haikuwa Nagasaki, ilikuwa Kokura. Ndege ikapita juu mara tatu, haioni chini, mafuta yanapungua, ikageukia mji wa pili kwenye orodha. Hadi mwisho wa mwaka walikuwa wamekufa watu kama 70,000.

Je, bomu hilo la pili ndilo lililowasalimisha Wajapani? Baraza la vita la Japani lilikuwa kikaoni asubuhi hiyo, limegawanyika watatu kwa watatu. Habari za Nagasaki zikaingia kikaoni humo, na bado wakabaki watatu kwa watatu. Mfalme ndiye aliyekata shauri usiku ule. Tarehe 10 Truman akaagiza lisipigwe lingine bila idhini yake, akawaambia mawaziri kwamba wazo la kuua watu wengine 100,000 linatisha. Yaani breki ilikanyagwa baada ya gari kupita.

Kuna mdau ameandika kwamba Afrika haihusiki. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wachimbaji Wakongo waliolipwa kiduchu bila kuambiwa wanachimba nini. Tunahusika tangu mwanzo.

Kuhusu uhalali wa leo, Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1996 ilisema kutumia silaha hizi kwa ujumla ni kinyume cha sheria za vita, kisha ikashindwa kusema lolote la uhakika pale taifa linapokuwa ukingoni mwa kuangamia. Majaji saba kwa saba, kura ya rais wa mahakama ndiyo iliyoamua. Hicho kimlango ndicho kila mwenye bomu anachokiegemea. Sisi huku tuna Mkataba wa Pelindaba unaozuia silaha hizo barani, ulioanza kazi mwaka 2009 Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kuuridhia. Si haba.

Na wewe uliyeandika kwamba "bomu dogo la uwanja wa vita" si tatizo: la Hiroshima lilikuwa kama kilotani 15, yaani nguvu ya tani 15,000 za baruti ya TNT. Kwa vipimo vya leo, hilo ni dogo.

Mwenye hoja ya Nagasaki ailete. Ya Hiroshima nimeshaisikia, tena kwa Babu.