Kinga ya radi ya bweni haimlindi aliye uwanjani

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Nasoma chuo kimoja hapa Mwanza. Bweni letu lina kinga ya radi juu ya paa. Tukiwa mpirani jioni na ngurumo zikaanza, huwa tunaendelea kucheza. Mvua ikizidi tunajibanza chini ya mwembe ulio kama mita 50 kutoka bwenini. Wenzangu wanasema kinga ile inatufikia, mradi simu zizimwe na asiwepo mwenye jezi nyekundu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli hata kidogo, na huo mwembe uhameni leo.

Kinga ya radi haifukuzi mawingu wala haikusanyi radi za mtaa mzima. Kazi yake ni kwamba radi ikishukia jengo lile, ikute njia ya chuma ya kupita hadi ardhini bila kupasua ukuta wala kuwasha paa. Eneo inalolinda nje ya kuta hutegemea kimo chake, na kwa bweni la kawaida halifiki popote karibu na mita 50. Swali hili naletewa kila msimu wa mvua, tena na watu waliosoma, wengine wako mwaka wa mwisho wa uhandisi. Fimbo ya shaba imegeuzwa hirizi.

Radi ikipiga mti, umeme huweza kumrukia aliye karibu na shina, na mwingine husambaa ardhini. Ukiwa umesimama hapo miguu imeachana, umeme huo unaingilia mguu huu na kutokea ule. Ndiyo maana radi moja huangusha kundi zima, na wengi wao mwale wenyewe haukuwagusa. Kandambili za mpira hazisaidii: radi imeshapenya kilomita kadhaa za hewa, itashindwaje na soli? Simu na rangi ya jezi havihusiki.

Ngurumo ikisikika, mpira umekwisha. Ukiona mmweko na sauti ikafika ndani ya sekunde 30, radi iko kama kilomita 10 au chini, na huweza kutangulia mvua. Ingieni jengo kamili lenye kuta, nyaya na mabomba, au gari lenye paa la bati. Bajaji na kibanda cha wachezaji wa akiba havimo. Mkiwa ndani, msiguse bomba wala simu iliyo kwenye chaji. Rudini uwanjani dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kwa Kanda ya Ziwa, ngurumo za nchi kavu hupenda alasiri na jioni, saa zenu za mazoezi, kwa hiyo uongozi wa chuo umpe mtu mmoja filimbi na mamlaka ya kusimamisha mchezo bila mjadala.

Hata hiyo kinga ya bweni, nani aliifunga, na nani aliipima mara ya mwisho? Nimeona utepe wa shaba uliokatwa na wezi usawa wa goti, kipande kilichobaki ukutani kimefungiwa kamba ya kuanika nguo. Nimeona nondo ya athi, ile ya kupeleka umeme ardhini, imechomekwa kwenye kifusi kikavu, haijawahi kupimwa, wakati tunalenga ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita kuingia ardhini, usiozidi omu 10. Fundi anayechomeka fimbo juu ya paa, akapokea hela na kuondoka bila kipimo, simtofautishi na mganga anayeuza dawa ya radi. Wote wawili wanawapa watu ujasiri wa kubaki mahali pa kufia. Mwaka 2011, radi moja iliua wanafunzi 18 wakiwa shuleni Runyanya, Uganda. Dai cheti cha kipimo, na kipimo kirudiwe.

Na wapo wanaosema aliyepigwa na radi asiguswe kwa kuwa bado ana umeme, au afukiwe kwenye tope ili umeme umtoke. Uongo huu unaniuma kuliko mwingine wote, maana unaua watu ambao wangepona. Mwili haubaki na umeme. Moyo umesimama, na unaweza kuamshwa. Mkikuta kadhaa wameanguka, anayelia anapumua. Anzeni na asiyepumua. Mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana, mpaka gari la wagonjwa lifike.