Chumvi ya ghuba ya Malindi imeshuka: je, bahari inaharibika?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Kikundi chetu cha wavuvi hapa Malindi kilipata refraktomita ya kupimia chumvi ya bahari. Julai ilisoma 35 (sehemu kwa elfu), Desemba ikasoma 22 na maji yalikuwa kahawia. Ghuba inaumwa?

JIBU: Nzuri, ndugu. Kwa namba hizo mbili siwezi kusema inaumwa. Wakati wa kusi mkondo huyasukuma maji ya mto Sabaki kuelekea Mambrui na Ngomeni. Kaskazi ikiingia, maji hayo hayo hugeuka kusini, yakaingia ghubani mpaka kwenye hifadhi ya bahari, tena mto umeshajaa mvua za vuli. (Udongo wenyewe ni wa bara: Sabaki ndiyo Athi ile ile inayopita Ukambani.) Kwa hiyo Desemba ilinganisheni na Desemba, na kila mara mpime mahali pale pale, maji yakiwa katika hali ile ile ya kujaa au kupwa.

Kabla ya kutoka, tone la maji ya betri yasiyo na asidi lazima lisome sifuri. Lisiposoma sifuri, rekebisheni skrubu kwanza.

Halafu ongezeni kipimo cha uwazi wa maji. Sahani nyeupe ya sentimita 30, chubwi chini yake, kamba yenye alama kila sentimita 10. Ishusheni upande wa kivuli wa mashua, kati ya saa nne na saa nane mchana, bila miwani ya jua. Andikeni inapopotea machoni, ivuteni mwandike inapoonekana tena, kisha mchukue wastani. Hapo ndipo refraktomita itawafaa hasa: maji yakiwa machafu na chumvi imeshuka, ni mto; yakiwa machafu na chumvi iko 35, mara nyingi ni mawimbi yametibua tope la chini.

Lakini maji hupita. Mimi ningeamini zaidi nyasi za bahari, maana zikikosa mwanga miezi mingi hupungua, na hilo halifichiki. Bamvua ikikausha maji, wekeni fremu ya sentimita 50 kwa 50 sehemu zile zile, mkadirie nyasi zimefunika kiasi gani, mpige picha kutoka juu.

Maji taka ni habari nyingine, vifaa hivyo haviyaoni. Chukueni sampuli asubuhi, kabla jua halijaua vijidudu, kwa chupa safi za maabara. Ziwekeni kwenye barafu, zifike maabara ndani ya muda wa saa sita, na muombe kipimo cha enterokoki, yaani bakteria wa kinyesi.