Kwa nini studio za kwanza za TV ya rangi zilikuwa na joto

Chanzo cha joto katika studio za kwanza za TV ya rangi kilikuwa taa, ndugu yangu. Kamera ya TK-41 ya kampuni ya RCA, iliyotumiwa sana Marekani miaka ya 1950, ilikuwa na tyubu tatu za kunasa picha: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Mwanga ulioingia kwenye lenzi uligawanywa sehemu tatu, kila tyubu ikabaki na kiduchu. Dawa yake? Kuongeza taa, tena nyingi mno kuliko za studio ya picha nyeusi na nyeupe. Waigizaji walitota jasho, vipodozi vikayeyuka. Ndiyo maana NBC, shirika la televisheni la Marekani, walipojenga studio mpya ya rangi Burbank, California, iliyofunguliwa 1955, viyoyozi havikuwa anasa. Na kamera yenyewe ilikuwa dude zito, si la kubeba begani.