Pikapu kuukuu hupatikana kwa watu: niliyojifunza nikiitafuta Peugeot yangu

Mara kwa mara hapa Mombasa mtu hunisimamisha karibu na Marikiti au kwenye foleni ya feri ya Likoni akitaka kujua nilikoipata pikapu yangu ya Peugeot 504, na swali linalofuata huwa ni kama kuna dalali ninayeweza kumpeleka kwake. Jibu langu huwavunja moyo wengi, kwa kuwa hapakuwa na dalali wala tangazo. Pikapu hiyo ilikuwa imesimama chini ya mwembe, nyuma ya nyumba moja huko Kaloleni, kwa miaka kumi na mmoja, na ilinichukua miezi tisa, safari nne na mazungumzo mengi yasiyohusu gari kabla sijakabidhiwa ufunguo.

Anayeanza kutafuta ni vizuri afahamu kwamba gari la aina hii haliagizwi kutoka nje. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, hata kama bandari ya Kilindini iko hatua chache kutoka mlangoni pako. Kwa hiyo Datsun 1200, Peugeot 404 na 504, Land Rover za Series na Toyota Hilux za mwanzo tulizo nazo ni zile zilizokwisha kuwemo nchini, na kila inayokatwa vipande na kuuzwa kwa kilo haipati badali. Ninayemhofia zaidi katika utafutaji huu ni mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hupita vijijini na mizani yake na fedha taslimu mkononi, na ambaye hana haja ya kuuliza gari lina karatasi au halina.

Kwa sababu hiyo mimi huanza kwa kujiuliza pikapu hizi zilinunuliwa na nani zilipokuwa mpya. Zilinunuliwa na wafanyabiashara wa jumla wa hapa mjini, na wenye mashamba ya minazi na mikorosho ya Kilifi na Kwale, na mashamba ya mkonge ya upande wa Vipingo, na shule za misheni, na wakandarasi wa ujenzi. Wengi wa watu hao wamezeeka au wametangulia mbele ya haki, na magari yao yamebaki uani, yakafugiwa kuku ndani ya kebini au yakawekwa kuni. Wenye nyumba hawaoni kama wana kitu cha kuuza, ndiyo maana hutaona tangazo. Anayejua kwamba gari lipo ni fundi aliyelitengeneza mara ya mwisho, na huyo ndiye mtu wa kumtafuta.

Ninawathamini sana mafundi wazee, na si makanika peke yao. Fundi wa springi hukumbuka kila pikapu iliyobebeshwa mzigo kupita kiasi, na fundi wa radieta hukumbuka kila mteja aliyeacha kuja. Mombasa tuna bahati nyingine pia, kwani kiwanda cha kuunganisha magari cha Miritini, Associated Vehicle Assemblers, kimekuwako tangu miaka ya 1970, na katika mitaa ya Changamwe, Mikindani na Jomvu wapo wazee ambao maisha yao ya kazi yalipita humo. Mzee mmoja wa namna hiyo, niliyemzoea kwa kukaa naye barazani baada ya swala ya alasiri, ndiye aliyenitajia nyumba ya Kaloleni. Nilikuwa nimemtembelea kwa muda mrefu bila kumwuliza lolote la gari, na naamini angenificha habari hiyo kama ningefika siku ya kwanza nikitaja bei. Ukienda kwa wazee hawa, nenda na salamu na muda wa kutosha, uwaulize kazi yao ilikuwaje, kwa sababu wanayoyajua hayajaandikwa mahali popote.

Njia ya pili ni minada ya taasisi za umma, ambazo kwa mujibu wa sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015 hutangaza magari zinayoyaondoa kazini. Mara nyingi hutakiwa kuweka amana na kupeleka bei yako katika bahasha iliyofungwa, na gari huuzwa kama lilivyo, pale lilipo, bila dhamana yoyote. Nimeshiriki mara mbili bila kufanikiwa. Ushauri wangu hapo ni mfupi: itumie siku ya kutazama iliyotajwa katika tangazo, na usiandike bei ya gari ambalo hukuliinamia kulitazama chini.

Sasa nije kwenye karatasi, maana hapo ndipo nilipoumia. Kabla ya Peugeot nilinunua Datsun 1200 kutoka kwa mtu aliyenionyesha logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, yenye jina la mtu wa tatu, akanieleza kwamba mwenyewe alihamia bara na angetia saini wakati wowote. Gari lenyewe lilinivutia mno. Lilikuwa na injini yake ya asili ya A12, ile ya sentimita za ujazo 1,171, na rangi ya samawati iliyopauka vizuri, nami nikalipa shilingi 85,000 kabla sijalinganisha namba ya chesisi, yaani fremu ya gari, na iliyoandikwa kwenye logibuku. Namba hizo hazikulingana. Chesisi ilikuwa ya gari moja na karatasi zilikuwa za gari jingine, na hakuna fundi wala wakili aliyeweza kulirekebisha hilo. Nililirudisha gari na kupata chini ya nusu ya fedha zangu.

Tangu hapo sitoi hata shilingi ya kishika uchumba kabla ya kufanya mambo mawili. La kwanza ni kuomba taarifa za usajili kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ambazo zitakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa na kama gari limewekwa rehani kwa mkopo. La pili ni kuisoma namba ya chesisi kwa macho yangu, nikiwa na brashi ya waya na kurunzi, na kuilinganisha tarakimu kwa tarakimu. Namba ya injini nayo huangaliwa, ingawa tofauti hapo si mwisho wa safari. Pikapu nyingi za zamani zimekwisha kubadilishiwa injini, hasa zile zilizotolewa ya petroli zikawekwa ya dizeli ya Kijapani, na badiliko hilo linaweza kusajiliwa iwapo karatasi za injini mpya zipo. Kumbuka kwamba pikapu huhesabiwa kuwa gari la biashara na hupaswa kukaguliwa kila mwaka, hivyo jambo lililofichwa leo litaonekana kwa mkaguzi kesho. Logibuku ikiwa imepotea, ni mmiliki mwenyewe anayepaswa kuripoti polisi, apate abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha upotevu, kisha aombe nakala nyingine. Usiibebe kazi hiyo kwa niaba yake baada ya kulipa.

Ugumu mkubwa zaidi, na ambao wanunuzi wengi wa Pwani huukwepa kwa hasara yao, ni gari la marehemu. Mwenye gari akifariki, mjane au mwanawe wa kwanza hawezi kukuuzia kwa hiari yake tu, hata kama yeye ndiye mwenye ufunguo. Gari limekuwa mali ya mirathi. Familia inahitaji kwanza kupata hati ya usimamizi wa mirathi mahakamani, na kwa Waislamu shauri hilo linaweza kupelekwa katika mahakama ya Kadhi na mali ikagawanywa kwa sheria ya dini. Anayegusa mali ya marehemu bila idhini hiyo anafanya kosa chini ya Sheria ya Mirathi, na zaidi ya hayo, mrithi mmoja aliyeko Uarabuni anaweza kurudi baada ya miaka mitatu akalidai gari ambalo wewe umekwisha kulitengeneza kwa fedha nyingi. Nimeona jambo hilo likimfika rafiki yangu, na uchungu wake ulikuwa mkubwa kuliko wa kuibiwa.

Peugeot ya Kaloleni ilikuwa gari la namna hiyo. Nilipopiga hodi mara ya kwanza nilipokewa na mama mtu mzima, nikamwamkia, akaitikia marahaba na kuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilimwambia, na ikatokea kwamba alikuwa akimjua shangazi yangu aliyekuwa akiuza maziwa Majengo. Tulizungumza karibu saa nzima kabla sijaitazama pikapu. Nilipoitaja, alinijibu kwa upole, "Hiyo haiuzwi, mwanangu. Marehemu aliipenda." Nikamshukuru, nikaondoka. Safari ya pili nilimpelekea salamu za shangazi na sikuligusia gari. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniuliza ningeifanyia nini kama ningeipata. Nilimweleza kwamba ningeitengeneza iweze kutembea tena, na kwamba sikukusudia kuikata wala kuiuza. Safari ya tatu alikuwa amewaita wanawe wawili, na hapo ndipo nilipojua kwamba warithi walikuwa watano na kwamba mirathi ilikuwa bado haijafunguliwa, kwa kuwa marehemu hakuacha mali nyingine kubwa. Nilisubiri. Walipopata hati, tuliandikiana mkataba mbele ya wakili, warithi wote watano wakatia saini, nami nikalipa shilingi 140,000 kupitia benki ili pawe na kumbukumbu. Baadaye msimamizi wa mirathi alianzisha uhamisho wa umiliki kwenye mtandao wa NTSA nami nikaukubali kwa akaunti yangu.

Katika miezi hiyo ya kusubiri nilipata nafasi ya kuichunguza pikapu kwa utulivu, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kutu ya Pwani si sawa na kutu ya bara. Upepo wa kusi huileta chumvi ya bahari hadi ndani ya milango, na gari lililoishi Nyali au Likoni kwa miaka thelathini huweza kuwa na sura nzuri huku sakafu yake ikiwa ni rangi na bodifila tu, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi. Kaloleni iko mbali kidogo na bahari, na hilo lilinipa matumaini. Uliza pia gari lilibeba nini. Pikapu iliyobeba nazi au mbao kwa kawaida huwa na mikwaruzo na springi zilizochoka, lakini iliyobeba samaki imenyweshewa maji ya chumvi yaliyochanganyika na barafu mwaka baada ya mwaka, na chesisi yake huliwa kuanzia ndani, mahali usipoona. Hiyo mimi siinunui kwa bei yoyote.

Nenda na sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba na uipitishe kwenye bodi. Inaposhindwa kushika, chini yake kuna bodifila nene badala ya bati. Land Rover za Series zina bodi ya aluminiamu, kwa hiyo sumaku haitakuambia kitu kwenye mabawa na milango. Huko yapeleke macho kwenye chesisi na kwenye ukuta ulio baina ya injini na kebini, ambavyo ni vya chuma. Inua mikeka, gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi na usikilize mlio. Ukiweza, rudi siku moja baada ya mvua ya masika uone maji yametuama wapi. Kama gari linawaka, gusa injini kabla halijawashwa, maana muuzaji aliyelipasha moto kabla hujafika huenda ana sababu. Moshi wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua, mweupe usiokoma ni maji yanayoingia ndani ya silinda, na mweusi ni petroli inayozidi, ambayo mara nyingi ni kazi ya kabureta na haina gharama kubwa.

Chagua pia gari ambalo spea zake bado zinapatikana. Datsun 1200 ina faida ambayo wengi hawaijui: ndugu yake, Nissan 1400, aliendelea kutengenezwa Afrika Kusini hadi mwaka 2008, na usukani wake ni wa kulia kama wetu, hivyo sehemu nyingi za bodi na injini hupatikana huko. Peugeot 504 ilianza mwaka 1968 na iliunganishwa hapa Kenya kwa miaka mingi, kwa hiyo spea zake za kutembelea, kama springi na breki, bado hazijanisumbua. Kilichonisumbua ni vioo na raba za milango, na hivyo ninakushauri uvihesabu kabla ya kukubaliana bei.

Siku ya kuichukua, vijana wa kijijini walitaka kuisukuma iwake. Niliwaomba wasifanye hivyo. Petroli iliyokaa miaka kumi na mmoja hugeuka kuwa utomvu na kuziba kabureta, na ringi za pistoni zilizoshikana na silinda zinaweza kuvunjika injini ikizungushwa kwa nguvu. Tuliipandisha kwenye lori dogo, tukaiteremsha Majengo usiku, na kwa siku tatu fundi wangu hakufanya lolote ila kumimina mafuta mepesi kwenye matundu ya plagi na kusubiri. Siku ya nne aliizungusha injini kwa mkono, taratibu, kwa spana kwenye puli ya mbele, na ikazunguka. Jioni ile nilimpigia simu yule mama wa Kaloleni nikamweleza. Aliniuliza kama kile kisanduku cha marehemu kilichokuwa chini ya kiti bado kilikuwemo. Kilikuwemo, pamoja na risiti zake zote za matengenezo, nami nilimpelekea Ijumaa iliyofuata.