Kitabu cha mfukoni chenye kurasa elfu: kijitabu, mwongozo au nini?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu historia ya vile vitabu vya majedwali na fomula ambavyo wahandisi wa karne ya 19 walitembea navyo. Mhariri wangu anataka niandike "kijitabu cha wahandisi" kila mahali, kwa hoja kwamba kinaingia mfukoni. Mwenzangu anapendekeza "mwongozo". Mimi nilikuwa nimeandika "kitabu cha mfukoni", nikakwama nilipofika kwenye kimoja chenye kurasa zaidi ya 1,000. Lipi ni sahihi? (Mfasiri, Morogoro)

JIBU: Ulivyoandika mwanzo ndivyo. Baki na "kitabu cha mfukoni", hata kwa kile chenye kurasa zaidi ya 1,000.

Tuanze na hoja ya mhariri wako, maana ina mashiko kidogo. Neno kitabu lilitujia kutoka Kiarabu, na wazungumzaji wakaisikia ile ki- ya mwanzo kama kiambishi cha ngeli. Ndipo tukapata vitabu. Kwa kuwa ki- imeshashika nafasi yake, udogo hauwezi kuonyeshwa kwa ki- peke yake. Tunaongeza -ji-: kijitabu, kama tunavyosema kijisu na kijikapu. Hadi hapo mhariri yuko sawa. Lakini kijitabu katika matumizi ya leo ni kile cha kurasa chache zilizobanwa kwa pini, cha kampeni ya chanjo au cha ratiba ya ibada. Udogo wake ni wa yaliyomo, si wa jalada tu, na mara nyingine neno lenyewe hubeba dharau. Chukua kitabu cha fomula cha Guilford Molesworth, mmoja wa wahandisi wa karne hiyo ya 19: kilikuwa kidogo kwa umbo, ila ndani yake mhandisi alipata uzito wa metali, nguvu ya boriti, mteremko wa reli na mtiririko wa maji katika mabomba. Ukikiita kijitabu, msomaji atadhani kilikuwa na machache ya kusema.

Na huyu Guilford Molesworth anastahili nafasi katika makala yako, kwa sababu anatugusa. Alikuwa mhandisi Mwingereza aliyejenga reli Sri Lanka, wakati huo ikiitwa Ceylon, na kitabu chake cha fomula kilitoka London mwanzoni mwa miaka ya 1860. Baadaye akawa mhandisi mshauri wa serikali ya India. Mwaka 1899 huyohuyo aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti kuhusu ujenzi wa Reli ya Uganda, ile iliyoanzia Mombasa na kufika Kisumu mwaka 1901. Kwa hiyo mtunzi wa mojawapo ya vitabu vya mfukoni vilivyojulikana sana katika milki ya Waingereza alipewa kazi ya kuipima reli yetu ya pwani hadi ziwani. Hilo lisikupite.

Sasa sarufi, ambayo ndiyo inayoamua suala hili. Kiswahili hupenda kuunganisha nomino na mahali kwa kutumia -a: saa ya ukutani, simu ya mezani, samaki wa baharini. Muundo huu hausemi kitu kiko wapi wakati huu. Unasema ni kitu cha aina gani. Saa ya ukutani ikishushwa na kulazwa kabatini inabaki kuwa saa ya ukutani. Samaki wa baharini ni wa baharini hata akiwa sokoni Dodoma. Anayetaka kusema mahali kitu kilipo kwa sasa hutumia kirejeshi: saa iliyo ukutani, kitabu kilicho mfukoni. Kwa kanuni hiyo kitabu cha mfukoni hakilazimiki kupimwa kwa mfuko kila toleo linapozidi unene. Ni jina la aina.

Historia ya vitabu hivi inathibitisha jambo hilohilo katika lugha nyingine. Mwaka 1857 chama cha wanafunzi wa uhandisi mjini Berlin, kilichoitwa Hütte, kilichapisha Des Ingenieurs Taschenbuch. Neno la mwisho katika jina hilo limeundwa kwa mfuko na kitabu. Kadiri maarifa yalivyoongezeka kitabu kikapanuka hadi kikatolewa kwa juzuu kadhaa, ambazo hakuna koti la kuzibeba, na Wajerumani hawakubadilisha neno. Marekani nako William Kent alitoa kitabu chake cha wahandisi wa mitambo mwaka 1895. Nadhani ndicho hicho kilichokukwamisha, kwa kuwa kilizidi kurasa 1,000, na bado jalada lilikiita cha mfukoni.

Kent ananipendeza kwa sababu nyingine. Katika utangulizi wake anaeleza kwamba zaidi ya miaka 20 kabla ya hapo alianza kufuata ushauri wa John Nystrom, mtunzi aliyemtangulia, kwamba kila mhandisi ajitengenezee kitabu chake cha mfukoni kadiri anavyosoma na kufanya kazi, kiendane na shughuli yake. Hapa tafsiri inahitaji uangalifu. Kitabu ambacho mhandisi alikijaza mwenyewe kwa kalamu, akabandika vipande vya magazeti na kunakili majedwali ya wengine, Kiswahili kina neno lake tayari: daftari. Litumie. Msomaji ataona papo hapo safari iliyopitiwa, kutoka daftari la mtu mmoja hadi kitabu cha mfukoni kilichopigwa chapa kwa ajili ya maelfu. Ukitumia neno moja kwa vyote viwili, safari hiyo inafutika.

Mwenzako anayetaka "mwongozo" ningemwuliza: unaongoza wapi? Mwongozo humchukua mtu kutoka hatua moja hadi nyingine. Mwongozo wa mwalimu humwambia aanze na nini na amalize na nini. Mwanafunzi wa Kenya akisikia mwongozo hufikiria kitabu kinachomchambulia riwaya au tamthilia. Kitabu cha mfukoni cha mhandisi Mmarekani Charles Haswell, kilichotoka New York mwanzoni mwa miaka ya 1840, hakimwongozi mtu kwa namna hiyo. Kinachukulia kwamba unajua unachokitafuta, ila huikumbuki namba. Haswell alikuwa mhandisi mkuu wa kwanza wa jeshi la majini la Marekani, na alifariki mwaka 1907 akiwa na umri wa miaka 97. Kitabu chake kiliendelea kufanyiwa marekebisho kwa muda mrefu, maana namba za boila na za chuma hazikukaa mahali pamoja.

Anayenitia shaka ni John Trautwine wa Philadelphia. Kitabu chake cha wahandisi wa ujenzi, cha mwaka 1872, kinaeleza kweli. Kinamchukua kijana katika upimaji wa ardhi, uchimbaji, misingi na madaraja kwa lugha nyepesi, na katika utangulizi mtunzi analalamika kwamba mabingwa wa nadharia ya uhandisi kama Rankine, Moseley na Weisbach wamezika mambo rahisi chini ya lundo la takataka za kihisabati. Ni maneno makali, na naona alikuwa na haki kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa mtu aliye kambini porini hana nafasi ya kufuatilia uthibitisho wa kurasa nne ili apate unene wa ukuta. Kwa Trautwine unaweza kusema katika sentensi ya maelezo kwamba kilikuwa "pia mwongozo kwa vijana". Lakini usiliguse jina la aina.

Mwaka 1914 mambo yanabadilika, na hapo ndipo nitakuomba ubadilishe neno. Machinery's Handbook ilipotoka New York, haikulenga mfuko wa koti. Ilikuwa ya fundi wa karakana, na umbo lake lilifaa droo ya kisanduku cha zana. Majina ya vitabu yenyewe yakaanza kuacha mfuko na kutaja mkono, maana handbook kwa Kiingereza limeundwa kwa mkono na kitabu. Je, tuseme "kitabu cha mkononi"? Sarufi inaruhusu, kama simu ya mkononi, ila sijaona watu wakilishika, na msomaji wa leo anaweza kudhani unazungumzia kitabu kinachosomwa kwenye simu. Kwa kundi hili andika kitabu cha marejeo. Wasomaji wako wa Kenya wamezoea zaidi marejeleo. Chagua moja na ulifuate hadi mwisho wa makala.

Usiogope kwamba msomaji hatazielewa tabia za vitabu hivi. Aliyefanya hisabati ya sekondari Kenya au Tanzania amewahi kushika kitabu cha majedwali ya tarakimu nne: anaingia na namba, anashuka na safu, anatoka na jibu. Majedwali ya logi yalijaza kurasa nyingi za vitabu vya wahandisi pia, hadi Hewlett-Packard walipotoa HP-35 mwaka 1972, kikokotoo kilichotengenezwa kiingie katika mfuko wa shati la Bill Hewlett. Tunakiita kikokotoo cha mfukoni, kwa muundo uleule niliokueleza, na hakuna mhariri aliyewahi kukibishia.

Yamebaki mawili madogo. La kwanza ni mpangilio wa maneno. Andika "vitabu vya mfukoni vya wahandisi", vya ikijirudia, kwa sababu sifa zote mbili ni za vitabu. Ukiandika "vitabu vya mfukoni mwa wahandisi", mwa inashikana na mfukoni, na maana inakuwa mfuko ulio mali ya wahandisi. Huo ni muundo halali, lakini unazungumzia yaliyomo mfukoni mwao siku fulani, pamoja na riwaya na kitabu cha sala.

La pili ni kitenzi. Katika sampuli uliyoniambatishia umeandika kwamba mhandisi "alimsoma Trautwine kabla ya kujenga daraja". Kusoma kunatufanya tuone mtu ameketi na kitabu toka ukurasa wa kwanza. Andika "alitazama katika Trautwine" au "alirejelea Trautwine", na pale inapohusu namba moja tu, kwa mfano uzito wa futi moja ya ujazo ya granaiti, "alitafuta katika Trautwine" inatosha.